Mtu mzima, mchezo wa video na thamani ya nusu saa

Barking, mashariki mwa London, huamka mapema. Kabla jua halijachomoza, wauguzi, walezi wa wazee, madereva na wasafishaji wa ofisi huwa tayari wako stesheni. Treni ya kwenda Fenchurch Street huchukua takriban robo saa. Ile ya District huchukua muda mrefu zaidi, na baada ya Bromley-by-Bow huzama chini ya ardhi. Miongoni mwa abiria hao wapo watu wazima, wenye watoto na kodi ya nyumba ya kulipa, ambao humalizia safari yao wakicheza michezo ya video.

Si jambo la kushangaza. Aliyekuwa mtoto mwaka 1989, Tetris ya Alexey Pajitnov ilipotolewa kwa mashine ya mkononi ya Game Boy, leo ana zaidi ya miaka 40. Mapenzi ya mchezo hayakumtoka. Kilichomtoka ni wakati.

Ndiyo maana mizani yake imebadilika. Kijana mwenye fedha kidogo na likizo ndefu hutaka mchezo mrefu, ili pauni zake zidumu. Mfanyakazi wa zamu hupiga hesabu nyingine. Mchezo wa saa 60, kwa mwenye nusu saa kila usiku, ni kazi ya usiku 120, yaani miezi minne. Akiukatiza wiki mbili, huusahau mkasa na hata vitufe vyenyewe. Tena nusu saa hiyo haikuokotwa: imetolewa katika usingizi, au katika mazungumzo na mwenzi wake.

Kwa mtu kama huyo, mchezo mzuri ni ule unaojua mwendo wake: lini uanze, lini uharakishe, lini upumzike, na lini ukome. Msikilizaji aliyekulia Unguja au Lamu anaifahamu siri hii barazani. Katika bao la Kiswahili, kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Katika hatua ya namua huziingiza moja moja; zikiisha, huingia mtaji, na vita hubadilika sura. Hakuna utangulizi wa saa mbili. Hatari ipo tangu mwanzo, na kila mmoja huona jinsi mambo yanavyoelekea mwisho.

Baadhi ya watengenezaji wameielewa siri hiyo. Journey, uliotoka mwaka 2012, humalizika kwa muda wa takriban saa mbili, kama filamu, na wengi huukumbuka kuliko michezo mirefu mara ishirini. Vampire Survivors, kazi iliyoanzishwa na Luca Galante, Muitaliano anayeishi Uingereza, huuzwa kwa bei ndogo, na kwa kawaida mzunguko wake mmoja hauzidi nusu saa. Saa huonekana juu ya kioo. Dakika ya 30 ikitimia, kifo chenyewe huja kumchukua mchezaji. Mwaka 2023 ulipata tuzo ya BAFTA ya mchezo bora. Mwaka huo huo kampuni ya Ubisoft, baada ya Assassin's Creed Valhalla ya mwaka 2020 iliyohitaji makumi ya saa, ilitoa Assassin's Creed Mirage, uliofanywa mfupi kwa makusudi, ukisimulia Baghdad ya karne ya tisa.

Hata hivyo, ufupi peke yake si dawa. Michezo mingi ya simu huchezwa kwa dakika tano tano, lakini haina mwisho. Humpa mchezaji zawadi kila siku ili asikose kurudi, kisha humuuzia njia ya mkato kwa fedha halisi. Mchezo wa namna hiyo haumpumzishi mfanyakazi. Unamwongezea zamu nyingine. Shirika la Afya Duniani limeutambua uraibu wa michezo hii katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika mwaka 2022, na dalili yake ya kwanza ni mtu kushindwa kujizuia.

Vile vile ipo mechi ya mtandaoni isiyoweza kusimamishwa. Mtoto akilia chumba cha pili, baba au mama hana budi kuchagua: amwache mtoto alie, au awaache wenzake pungufu na ahesabiwe ameshindwa. Mchezo unaoruhusu kusimama papo hapo, na kuhifadhi mahali ulipofikia hata mahali pasipo na intaneti, humwondolea mtu uchaguzi huo.

Kwa hiyo mtu mzima aingiapo dukani asiulize kwanza mchezo una ukubwa gani. Aulize kama unaweza kuachwa katikati bila hasara, na kama una mwisho. Treni ikifika Barking na milango ikafunguka, mchezo uwe radhi kumwachia ateremke.