Hita Dhaifu na Kioo Chenye Ukungu Mpakani

Mazungumzo ya Afisa Uhusiano wa Polisi na madereva, wafanyabiashara na wakazi wa Katuna na Gatuna

Tumekubaliana kuzungumza Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha inayotukutanisha pande zote mbili, nami ninawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kuja katika baridi hii.

Najua kwamba wengi wenu mlipoliona gari la polisi mlidhani nimekuja kuzungumzia magendo. La hasha. Nimekuja kuzungumzia hita ya gari. Nasikia kicheko pale nyuma. Chekeni, hata mimi niliwahi kucheka.

Miaka kadhaa iliyopita nilitoka Kabale saa kumi na mbili alfajiri kwa gari langu mwenyewe, nikielekea Gatuna kwenye kikao cha ujirani mwema. Ninyi mnazifahamu alfajiri zetu za Kigezi: ukungu umelala bondeni, na baridi inapenya hadi kwenye mifupa. Hita ya gari langu ilikuwa ikipuliza hewa ya vuguvugu tu, na hali hiyo ilikuwa imedumu kwa miezi mingi. Nilikuwa nimeizoea. Kioo cha mbele kilipofunikwa na ukungu, nilikipangusa kwa leso, nikaendelea na safari.

Nikavuka mpaka. Kila mmoja wetu hapa anajua kwamba Uganda tunaendesha upande wa kushoto, na Rwanda wanaendesha upande wa kulia. Nilihamia kulia kama inavyotakiwa. Baada ya mwendo mfupi kioo kikafunga tena. Mkono mmoja ukashika leso, mmoja usukani, na mazoea yakanivuta taratibu kurudi kushoto. Nilipopata tundu la kuonea, mbele yangu alikuwapo mzee akisukuma baiskeli iliyobeba magunia mawili ya viazi. Aliiachia baiskeli, akajitupa mtaroni. Namshukuru Mungu kwamba alichubuka kiwiko tu. Tulikwenda pamoja kituoni, nikaeleza kosa langu mbele ya wenzangu wa Rwanda, kisha nikamlipa fidia yake. Hata hivyo, kilichonibana zaidi ni swali aliloniuliza tulipokuwa tukiokota viazi: “Afande, ulikuwa unatazama wapi?” Sikuwa na jibu.

Siku iliyofuata nililipeleka gari kwa fundi, na huko ndiko nilikojifunza haya nitakayowaeleza.

Hita si jiko, wala haina moto wake. Nyuma ya dashibodi kuna rejeta ndogo, ambayo ukubwa wake haupiti sana ule wa kitabu kinene. Maji ya moto kutoka kwenye injini huingia humo kwa mpira mmoja na kutoka kwa mpira wa pili, na feni hupuliza hewa kupitia hapo hadi kwenye miguu yenu na kwenye kioo. Ukungu wa ndani ya kioo ni pumzi zetu wenyewe: mvuke wa abiria ukigusa kioo baridi hugeuka matone. Hewa ya moto ikikipasha kioo, matone hukauka. Maji ya moto yasipofika kwenye ile rejeta ndogo, dereva hubaki na leso.

Katika gari langu, kasoro zilikuwa mbili. Kwanza, nilikuwa nimezoea kujaza maji ya kijitoni. Maji ya namna hiyo huleta tope na chumvi, na kwa kuwa hayana dawa ya kuzuia kutu, huila injini kwa ndani. Kutu hiyo na tope hilo huenda kutua penye njia nyembamba kuliko zote, yaani ndani ya rejeta ya hita. Pili, fundi wa awali alikuwa ameing'oa themostati. Hili nataka nilikalie kidogo, maana limeenea kuliko mnavyodhani.

Themostati ni mlango mdogo unaozuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa mpaka injini ipate joto lake. Gari likichemka mlimani, mafundi wengi huing'oa na kusema kwamba nchi zetu ni za joto, haihitajiki. Ndugu zangu, Kabale iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari! Katika mwinuko huo maji katika sufuria huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, hayafiki 100. Gari linalotumia maji matupu na lenye kifuniko cha rejeta kilicholegea halina budi kuchemka mapema. Dawa yake ni kuusafisha mfumo na kubadilisha kifuniko. Ukiing'oa themostati, gari huacha kuchemka kwa muda na uchafu unabaki palepale. Injini hukaa baridi, hunywa mafuta zaidi, huchakaa upesi, na hita hufa. Fundi anayefanya hivyo ameuficha ugonjwa tu.

Sasa, utajuaje kasoro ya gari lako? Washa injini mpaka geji ya joto ifike mahali pake pa kawaida. Ikikataa kupanda kwa muda mrefu, ishuku themostati. Kisha fungua boneti, jihadhari na feni na mikanda, na uguse upesi ile mipira miwili inayoingia kwenye hita. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine wa vuguvugu, hita imeziba. Yote miwili ikiwa vuguvugu, angalia kama maji yamepungua, kama themostati haifungi, au kama vali ya hita haifunguki. Yote miwili ikiwa ya moto sana na hewa bado ni baridi, tatizo liko ndani ya dashibodi, na kusafisha hakutasaidia.

Kazi yenyewe ya kusafisha haihitaji mitambo. Jambo la kwanza, nalo nalisema kwa sauti ya kipolisi: usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yaliyobanwa humo huruka usoni, na macho hayana vipuri. Liache gari lipoe kwa saa kadhaa. Fungua kizibo cha chini, ukinge maji yote kwenye beseni. Fungua mipira miwili ya hita. Chukua mpira wa bomba, uushike kwenye tundu ambalo maji hutokea, ili maji safi yapite kinyume na njia yake ya kila siku. Uchafu uliojibana hulegea ukisukumwa kutoka nyuma. Fungua bomba taratibu. Rejeta ya hita ni nyembamba, na msukumo mkali huipasua, kisha maji yatamwagikia miguu ya abiria. Kwangu yalitoka maji mekundu kama udongo wa barabara ya kijijini. Geuza upande, rudia, mpaka maji yatoke meupe. Msitumie tindikali ya betri kamwe, hata mkishauriwa na nani.

Fanya vivyo hivyo kwa rejeta kubwa. Weka themostati mpya, rudisha mipira, kisha jaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, hita ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho. Gari likielekea mlimani hewa hutoka kwa urahisi zaidi, na mlima hatujawahi kuukosa huku kwetu. Washa injini ingali baridi na kifuniko kikiwa wazi, simama kando, acha mapovu yaishe huku ukiongeza kiwango, kisha funga kifuniko kabla maji hayajapata moto. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, kagua tena. Mkinusa harufu tamu ndani ya gari, au mkiona utando wa mafuta kwenye kioo, rejeta ya hita imetoboka na hakuna kusafisha kutakakoiponya, ibadilisheni.

Akina mama, lile beseni linawahusu. Kulanti ni sumu, na ladha yake ni tamu. Mtoto, mbwa au mbuzi akiinywa anaweza kufa. Isimwagwe mtaroni wala mtoni. Iwekwe kwenye dumu lenye kifuniko, mbali na vyombo vya chakula, na ipelekwe gereji inakokusanywa mafuta machafu.

Nina neno pia kwa madereva wa malori mnaolala kwenye foleni. Nafahamu kwamba baadhi yenu, hita ikiwa imekufa, huingiza sigiri ya makaa ndani ya kabini na kufunga vioo. Moshi wa makaa mnaukwepa kwa kusubiri yawake mekundu, mkidhani hatari imekwisha. Haijaisha. Makaa mekundu hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyelala haamki kuikimbia. Blanketi la pili ni rahisi kuliko jeneza, na themostati ni rahisi kuliko yote mawili.

Gari la kituo liko hapo nje. Limezimwa tangu jana jioni, kwa hiyo injini imepoa, na fundi amekwisha kuweka beseni chini yake. Twendeni tukaone yatakayotoka. Maswali nitayapokea hukohuko, na kwa kuwa gari hilo halijasafishwa tangu nihamie hapa, nawaomba msinicheke mara ya pili.