Watoto Waliocheleweshwa Njiani

Katika Injili ya Marko, sura ya 10, twasoma habari za watu waliomletea Yesu watoto wadogo ili awaguse. Waliowazuia hawakuwa adui zake. Walikuwa wanafunzi wake, na bila shaka walidhani wanafanya vema. Yesu alipoona hivyo alichukizwa.

Mama mmoja wa kanisa letu, hapa upande wa Nakuru, alikuwa na mtoto wa kiume. Alipokaribia miaka miwili, maneno machache aliyokuwa nayo yalipotea. Akiitwa jina, hageuki. Hakuonyesha kitu kwa kidole. Alikaa peke yake akizungusha kifuniko cha sufuria. Mama alituletea habari hiyo. Nasi tulimwambia nini? Wazee walisema wavulana huchelewa kusema. Wengine walinong'ona juu ya laana ya ukoo. Sisi wachungaji tuliomba pamoja naye, kisha tukamwambia angoje. Akangoja miaka minne.

Mtoto alipoanza shule, mwalimu ndiye aliyewaelekeza kwenye kituo cha EARC, ambako watoto huchunguzwa ili wapate elimu iwafaayo. Vituo hivyo vimekuwapo Kenya tangu 1984. Masikio yalipimwa hospitalini, yakaonekana mazima. Ulikuwa usonji. Leo mtoto anajifunza kuomba maji kwa kuonyesha picha. Mama alifurahi, kisha akatuuliza, "Mchungaji, kumbe mahali pale palikuwapo siku zote?" Hatukuwa na jibu.

Ndugu zetu, usonji si pepo, si laana, wala hauletwi na malezi mabaya au chanjo. Ni ubongo wa mtoto kukua kwa namna iliyo tofauti tangu mwanzo. Hakuna dawa ya kuuondoa, lakini yako mafunzo ya kuzungumza, kucheza na kujihudumia, nayo hufaa zaidi yakianza mapema. Wakulima wa Njoro na Molo mwajua: anayechelewa kupanda mahindi huvuna kitu, lakini si kile ambacho angevuna kama angepanda kwa wakati wake. Daktari mwenye ujuzi aweza kuutambua usonji mtoto akiwa na miaka miwili. Sisi tulimpoteza mtoto huyu misimu minne ya kupanda.

Basi tukiona mtoto wa mwaka mmoja haitikii jina lake, au wa mwaka mmoja na nusu hana neno wala haonyeshi kwa kidole, au mtoto yeyote amepoteza maneno aliyokuwa nayo, tusimwambie mama angoje. Si lazima uwe usonji. Huenda ni masikio. Ndiyo sababu apimwe. Kliniki anakopelekwa kwa chanjo ni mahali pa kuanzia. Tuombe, naam, lakini tuombe huku tukimsindikiza mama, na akikosa nauli tumchangie. Na mtoto akipiga kelele ibadani, tusimkodolee mama macho.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe sisi tuliosimama njiani tukidhani twakulinda. Utufundishe kuwapisha watoto hawa, na kuwashika mkono wazazi wao. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.