Ukuta wa Mpakani Huku Milimani

Leo tuzungumze juu ya kuta, nyua na matuta tunayojenga mipakani, hasa sisi wa Lushoto, Mlalo, Soni, Mtae na vijiji vyote vya mteremko. Kule tambarare ukuta wa jirani unakuzuia kuona tu. Huku kwetu ukuta wa jirani wa juu ukianguka, unaangukia viazi vyako, na pengine jiko lako.

Tuanze na maji. Mtu anachonga mlima apate uwanja wa nyumba. Udongo anaoutoa anaumwaga upande wa chini, kisha anaushikiza kwa ukuta wa mawe. Nyumba inapendeza, bati jipya. Lakini bati lile linakusanya mvua yote ya masika na kuimwaga mahali pamoja, nyuma ya ukuta ule ule. Udongo uliolowa ni mzito kuliko mkavu, na maji yenyewe yanasukuma. Kwa hiyo ukuta unapobomoka, usikimbilie kuyalaumu mawe. Mara nyingi ni maji yaliyokosa njia ya kutoka.

Basi, ukijenga ukuta wa mawe makavu, chimba msingi upite udongo mweusi wa juu hadi ufike udongo mgumu. Weka mawe makubwa chini. Upana wa chini uwe kama nusu ya kimo cha ukuta. Ukuta usisimame wima kama mlingoti, ulaze kidogo kuelekea mlimani, kiasi cha shubiri moja kwa kila mita ya kimo. Nyuma yake jaza kokoto na mawe madogo, si udongo mtupu. Ukitumia saruji, acha matundu ya kutolea maji chini chini. Nimeona kuta nzuri za saruji, zimepigwa lipu safi, bila tundu hata moja! Hizo ni mabwawa, si kuta. Na ukuta unaopita kimo cha mita moja, mwite fundi anayejua kazi hiyo.

Sasa maji yanayotoka yaende wapi? Hapa ndipo ugomvi unapozaliwa. Mkulima wa juu anachimba mfereji mzuri kabisa, anaufikisha mpakani, anaishia hapo. Mvua tatu tu, na jirani wa chini ana korongo katikati ya kabichi zake. Mfereji lazima ufike kwenye mkondo wa asili, au kwenye majani mazito yanayoweza kuyapokea maji yakatulia. Ikiwa njia hiyo inapita shambani kwa mwenzako, huna budi kukubaliana naye kabla ya kushika jembe.

Yako na makosa ya wa chini pia, tusimsahau. Kila msimu analima hadi kwenye kitako cha tuta la jirani, jembe linakula kingo kidogo kidogo. Anapata mstari mmoja wa maharage. Baada ya miaka michache tuta linaporomoka, mpaka umesogea, na wote wawili wanaapa kwamba hawajagusa kitu. Tuta la fanya juu linachimbiwa mtaro wa kina cha sentimita 60 hivi, na udongo wake unatupwa upande wa juu. Likiwa mpakani, mtaro na tuta vyote viwe ndani ya shamba la mwenye kuchimba, na kitako kiachiwe majani bila kulimwa.

Wazee wachache waliobaki wanakumbuka matuta ya miaka ya 1950, chini ya Mpango wa Usambara wa serikali ya mkoloni. Watu waliamriwa kuchimba, asiyechimba alitozwa faini, na mzigo mkubwa wa kazi ile uliwaangukia kina mama. Wakulima waliukataa, na mpango ukafa kabla ya Uhuru. Udongo ulihitaji kinga kweli, lakini mwenye shamba hakuulizwa. Miaka ya 1980 mradi wa SECAP ulikuja na njia nyingine: majani ya Guatemala na miti iliyopandwa kufuata usawa wa mlima. Majani yanashika udongo, na tena ng'ombe anakula. Mimi napenda njia hii kuliko ukuta, isipokuwa pale nyumba ilipobanana na kingo.

Kuhusu sheria, mambo ni haya. Kijiji kinaweza kujitungia sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya 1982: Halmashauri ya Kijiji inaandaa, mkutano mkuu unajadili, Halmashauri ya Wilaya inaidhinisha. Humo mnaweza kuweka umbali wa ukuta kutoka mpakani na njia za maji. Aliye mjini, au kwenye eneo la mipangomiji, aombe kwanza kibali cha ujenzi. Tena Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mkigombana, nendeni kwanza kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, watatu kati yao angalau wawe wanawake. Waombeni waje kuangalia mvua inaponyesha. Jua likiwaka kila mtu ana haki.

Mapatano yaandikwe: alama za mpaka, maji yatapita wapi, nani atazibua mfereji. Kila jirani abaki na nakala, na majirani wa kando watie sahihi.

Wengi huuliza, majani ya mpakani yanakatwa na nani? Aliyepanda ndiye mwenye majani. Lakini mkipanda pamoja, gaweni kwa urefu wa mstari, wewe nusu hii na yeye nusu ile. Msigawane upande wa juu na upande wa chini, maana hapo kila mmoja atavuta shina upande wake hadi ling'oke.