Ukweli kwa Ndugu Aliyebaki Nyumbani: Tafakari Kutoka Dubai



Tafakari ya leo inahusu ukweli na uaminifu katika maisha ya Mkristo, ikielekeza macho Dubai, katika Umoja wa Falme za Kiarabu, ambako wana wengi wa Afrika Mashariki wanatafuta riziki katika hoteli, ulinzi, usafi na kazi za nyumbani.

Katika eneo la Oud Metha liko Kanisa la Mtakatifu Maria. Historia yake ilianza miaka ya 1960, juu ya ardhi iliyotolewa na mtawala wa Dubai wa wakati huo, Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum. Kwa miaka mingi waamini walifurika hapo siku ya Ijumaa, iliyokuwa siku ya mapumziko. Tangu Januari 2022, mapumziko ya mwisho wa juma ni Jumamosi na Jumapili. Misa huadhimishwa kwa lugha nyingi, kwani karibu waamini wote ni wageni.

Baada ya Misa, si ajabu mwamini kwenda kupiga picha, nyuma yake jengo la Burj Khalifa lenye urefu wa mita 828, na kuituma nyumbani. Picha hiyo haina uongo. Uongo huanza pale maneno yanapoisindikiza: anayesafisha sakafu akajiita karani, anayelala chumba kimoja na wenzake wengi akasema amepanga nyumba.

Mara nyingi nia yake ni njema. Hataki mama alie, wala majirani wamcheke baada ya shamba kuuzwa kwa ajili ya nauli. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Jamaa wanakopa wakitegemea mshahara usiokuwepo, na mdogo wake anauza kile kilichobaki ili amfuate. Hivyo, neno lililosemwa ili mama apate usingizi linamtumbukiza mtoto wake mwingine katika deni lile lile.

Mtakatifu Agostino, Askofu wa Hippo huko Afrika ya Kaskazini, aliandika vitabu viwili kuhusu uongo, akafundisha kwamba hata uongo wenye nia njema haukubaliki. Msimamo huo waweza kuonekana mkali, lakini deni la mdogo huyo linaonyesha maana yake. Amri ya Mungu inayokataza ushahidi wa uongo humlinda jirani. Na katika habari hii, jirani ni ndugu wa tumbo moja. Kristo, aliyejitambulisha kuwa Kweli, anawadai wafuasi wake ndiyo iliyo ndiyo kweli, na siyo iliyo siyo.

Hata hivyo, Kanisa halimdai mtu aanike kila siri yake. Mwamini aweza kunyamaza kwa busara kuhusu machozi yake. Asichoweza ni kumjengea ndugu yake tumaini juu ya mchanga. Mwenye kumpenda atamtajia kazi halisi, mshahara halisi na gharama za maisha. Atamweleza pia kwamba sheria ya kazi ya sekta binafsi ya mwaka 2021 nchini humo inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri. Habari kama hiyo, ikifika mapema, humfumbua macho ndugu kabla hajampa wakala fedha zake.

Wajibu huu unawagusa pia waliobaki nyumbani. Familia inayopokea simu kwa furaha pale tu fedha zinapotumwa humfundisha mtoto wake kudanganya. Ile inayomwuliza kwanza kama amekula, kama analala na kama ana amani, humfungulia mlango wa kusema kweli bila aibu.

Ufagio haumwondolei mtu heshima yake mbele ya Mungu. Anayeweza kuutaja kwa jina lake amekwisha kuanza kuwa huru, na ndugu yake amenusurika.

Amani ya Kristo iwe nawe, msikilizaji mpendwa, popote ulipo.