KITI KIMOJA, WAJUMBE WAWILI

Maneno ya karani wa mgodi mbele ya wafanyakazi na watu wa mji, Luhwindja



Juma lililopita kijana mmoja aliniuliza: "Bwana karani, hawa mabalozi wa ng'ambo wanatufaa nini, zaidi ya kula mshahara?" Sikumjibu siku ile. Namjibu leo mbele yenu wote, kwa habari ya ujumbe wetu wa kwanza katika Umoja wa Mataifa, kule New York.

Inchi yetu ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 7 Julai Baraza la Usalama lilishauri Kongo ipokelewe katika Umoja wa Mataifa. Waziri Mkuu Patrice Lumumba alimchagua Thomas Kanza kuwa mjumbe wetu huko, mwenye cheo cha waziri. Kanza alikuwa hajatimiza miaka 27. Ukiacha mapadri, ndiye Mkongomani wa kwanza kumaliza masomo ya universite. Ubelgiji ilitawala hapa tangu 1908, na watu wa elimu ile tuliowapata siku ya uhuru waliweza kuhesabiwa upesi sana.

Kazi haikumngoja. Tarehe 5 Julai askari waliasi. Tarehe 11 Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Tarehe 12 Rais Kasavubu na Lumumba walipeleka simu New York kuomba msaada. Tarehe 14 Baraza likakubali kuleta askari, na siku ile ile Kongo ikavunja uhusiano wa kibalozi na Ubelgiji. Angalieni jambo hili: simu moja, majina mawili chini yake, na jibu likaja kwa siku mbili.

Sasa sikieni yaliyofuata. Tarehe 5 Septemba Kasavubu alitangaza kumwondoa Lumumba, na Lumumba akatangaza kumwondoa Kasavubu. Tarehe 14 Mobutu akashika utawala. Siku hizo Baraza la Usalama lilipozungumza habari za Kongo, Wakongomani wa pande mbili walibisha mlangoni: Kanza kwa upande wa Lumumba, na Justin Bomboko kwa upande wa Kasavubu. Kila mmoja alisema, "Kongo ni mimi." Hakuna aliyekalishwa.

Nyinyi mnajua mambo haya. Makapita wawili wakifika kwenye dirisha la karani na orodha mbili za kikundi kimoja, karani afanye nini? Anafunga dirisha. Wanaolala njaa si makapita. Ni watu wa kikundi.

Tarehe 20 Septemba Kongo ilipokelewa rasmi, siku moja na Kongo-Brazzaville na inchi nyingine nyingi za Afrika. Wenzetu wakaketi. Kiti chetu kikabaki kitupu miezi miwili, wakati ambapo askari wa mataifa walikuwa katika miji yetu na wageni wakizungumza juu yetu bila sisi.

Mwezi wa Novemba Kasavubu alikwenda mwenyewe New York. Usiku wa tarehe 21, kule Léopoldville, askari wetu walipigana na askari wa Tunisia wa Umoja wa Mataifa mbele ya nyumba ya ubalozi wa Ghana, kwa sababu mjumbe wa Ghana, Nathaniel Welbeck, aliamriwa kuondoka naye akakataa. Kanali Kokolo alikufa pale. Kesho yake, tarehe 22, kura zikapigwa: 53 zilikubali ujumbe wa Kasavubu, 24 zilikataa, 19 hazikuchagua upande. Hata Waafrika wenzetu waligawanyika juu yetu.

Kiti kikapata mtu, lakini nyumba haikupona. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961. Na Bukavu yetu? Mwisho wa Desemba 1960 askari wa Stanleyville waliingia na kuwakamata wakubwa wa jimbo. Tarehe 1 Januari askari wa Mobutu wakapita Ruanda-Urundi kuushambulia mji, wakashindwa. Mama wa sokoni hakuulizwa ni mjumbe yupi aliyempenda. Risasi haiulizi.

Ndugu zangu, habari hii si ya zamani tu. Februari 2025 M23 waliingia Bukavu. Tarehe 21 mwezi ule Baraza la Usalama, kwa kura zote 15, liliwataka waondoke, likataka na majeshi ya Rwanda yatoke katika inchi yetu. Juni 2025 Kongo ilichaguliwa kukaa katika Baraza hilo kwa miaka ya 2026 na 2027, kama ilivyokaa 1982 hadi 1983, na 1990 hadi 1991.

Kijana atasema: karatasi haimfukuzi askari. Kweli, haimfukuzi. Lakini bila mjumbe hata karatasi hiyo hatuna, na mwenye kutuonea atasema mbele ya dunia kwamba hakuna aliyelalamika.

Basi jibu langu ni hili. Balozi ni mdomo wa nyumba. Nyumba ikisema neno moja, mdomo unasikilizwa. Nyumba ikigombana, mdomo unafungwa, na vita vya panzi vinakuwa furaha ya kunguru. Tuwadai wajumbe wetu hesabu ya kazi yao, kama mnavyonidai mimi hesabu ya siku zenu. Lakini tusiwapelekee orodha mbili.

Mungu ailinde Kongo.