Amri Bila Imani

Jeshi halisimami kwa bunduki peke yake. Husimama kwa imani baina ya mwenye kutoa amri na mwenye kuipokea. Nchi jirani ya Kongo ililijua hilo kwa gharama kubwa.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni, 1960. Lakini jeshi lake, Force Publique, lenye askari wapatao 25,000, halikuwa na afisa mwenye kamisheni hata mmoja aliye Mkongo. Askari walitumaini kwamba uhuru ungewafikia na wao kambini. Tarehe 5 Julai mkuu wao Mbelgiji, Jenerali Janssens, aliwaandikia ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi! Siku hiyo hiyo maasi yalianza. Jenerali aliondolewa, Wakongo wakapewa vyeo, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Tarehe 11 Julai Katanga ilitangaza kujitenga.

Waasi nao waliwadhuru raia waliopaswa kuwalinda, na dhuluma ya mkuu haihalalishi dhuluma ya askari. Utii ni wajibu wa askari. Kusikiliza na kuwajibika ni wajibu wa mkuu. Wajibu mmoja ukivunjwa, anayeumia ni mwananchi.