NGOMA MBELE YA ALTARE
Maneno yaliyosemwa mbele ya waamini na wageni siku ya Jubile ya parokia



Tumepewa kazi ya kusema juu ya ngoma, maana yake michezo ya kucheza kwa miguu na kwa mwili wote, jinsi ilivyopita kutoka kwa mababu mpaka kufika mbele ya altare yetu. Pengine mtu atauliza: katika siku kubwa kama hii, kwa nini tusihesabu ubatizo, ndoa na makanisa madogo yaliyojengwa? Hesabu hiyo imo katika vitabu vya parokia, na ni vema isomwe. Lakini iko historia nyingine ambayo karani hakuiandika. Imeandikwa katika miguu ya watu, na wenye miguu hiyo wakifa bila kuifundisha, itazikwa pamoja nao. Ndiyo sababu tunaisema leo.

I. Ngoma ya watu wa kale

Tangu zamani za kale binadamu amecheza. Katika makaburi ya Misri, yenye umri kupita miaka 4000, tunaona picha za wachezaji waliopangwa kwa mstari. Wayunani walicheza katika sikukuu za miungu yao. Taifa la Israeli lilipovuka bahari, Miriamu alishika tari, na wanawake wakamfuata kwa kucheza (Kutoka 15). Mfalme Daudi alicheza kwa nguvu zake zote mbele ya Sanduku la Agano, na Mikali aliyemdharau alijibiwa vikali (2 Samweli 6). Zaburi 149 na 150 zinaagiza wazi kwamba Mungu asifiwe kwa ngoma.

Lakini Maandiko hayo hayo yanatuonya. Watu walicheza pia mbele ya ndama wa dhahabu (Kutoka 32), na mchezo wa binti wa Herodia ulileta kifo cha Yohane Mbatizaji (Marko 6). Basi ngoma ni kama ulimi: inaweza kubariki na inaweza kulaani. Tusiulize tu kama watu wanacheza. Tuulize wanacheza mbele ya nani, pamoja na nani, na kwa roho gani.

II. Ngoma ya mababu zetu

Katika nchi yetu, kutoka milima ya Masisi mpaka msitu wa Walikale, Wahunde, Wanyanga, Watembo, Wakano na Wakumu walikuwa na ngoma kwa kila jambo kubwa la maisha: kwa vijana waliotoka kutahiriwa, kwa ndoa, kwa kumsimika mwami, kwa matanga. Mtu asiyejua kusoma alijifunza katika ngoma jinsi ya kusimama mbele ya wazee, jinsi ya kumngoja mwenzake, na jinsi ya kufuata bila kumkanyaga aliye mbele.

Ushuhuda mkubwa kupita wote ni ule wa Wanyanga. Mwaka 1956 mzee Candi Rureke alitoa utenzi wa Mwindo kwa muda wa siku 12, na Daniel Biebuyck, mtaalamu wa mila kutoka Ubelgiji, akauandika. Baadaye Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga, aliufanyia kazi pamoja naye, na mwaka 1969 kitabu kilitolewa Marekani. Leo Mwindo anasomwa katika vyuo vikuu vya ng'ambo. Lakini wanaomsoma huko wameshika nusu tu ya jambo, kwa maana kwa Wanyanga utenzi huo hauketi kitini. Msimuliaji huimba na kucheza, huiga matendo ya shujaa kwa mwili wake na kutikisa kibuyu chenye mbegu, huku vijana wakipiga fimbo kwa vijiti na kuitikia. Maneno, wimbo na ngoma ni kitu kimoja.

Tukumbuke pia habari yenyewe. Shemwindo, mkubwa wa kijiji cha Tubondo, hakutaka kupata mtoto wa kiume. Mwindo alipozaliwa, baba yake alimfungia ndani ya ngoma ya kupiga na kumtupa mtoni. Ile ngoma iliyofanywa kuwa kaburi lake haikuzama: Mwindo aliimba ndani yake, akaenda juu ya maji mpaka kwa shangazi yake Iyangura. Baada ya vita vingi, alimfuata baba yake mpaka kuzimu, akamrudisha nyumbani. Hapo Shemwindo alikiri ubaya wake mbele ya watu wote, nao wakapatana. Mababu zetu, kabla hawajaisikia Injili, walijua kwamba hadithi ya vita haijaisha mpaka mkosaji aseme kosa lake na wapiganaji wakae pamoja.

Juu ya milima ya Masisi kuna ngoma nyingine pia. Kati ya mwaka 1937 na 1955 serikali ya Wabelgiji ilileta maelfu ya watu kutoka Rwanda na kuwapa makao huko. Wengine wa lugha hiyo walikuwa tayari wanakaa Kivu zamani. Pamoja nao tulipata ngoma ya wanawake wanaoinua mikono kama pembe za ng'ombe, na ngoma ya intore, yenye kengele miguuni. Hivyo katika parokia zetu, ngoma ya msitu na ngoma ya malisho zimekuwa majirani.

III. Ngoma nje ya mlango wa kanisa

Wamisionari wa kwanza, wengi wao, waliziogopa ngoma zetu. Waliona pombe, usiku, na mambo ya siri ya mila, wakawaambia wakatekumeni waziache zote. Tusiwahukumu kwa haraka. Katika Ulaya yenyewe jambo hili lilikuwa na ugomvi wa zamani: mwaka 589 maaskofu waliokutana Toledo, katika Hispania, walikataza watu wasicheze katika sikukuu za watakatifu. Hata hivyo ngoma haikutoka kabisa. Katika mji wa Echternach, nchi ya Luxembourg, waamini huruka kwa mistari kila Jumanne baada ya Pentekoste, kwa heshima ya Mtakatifu Willibrord. Katika kanisa kuu la Sevilla watoto hucheza mbele ya Sakramenti Takatifu. Na katika Afrika yetu, huko Etiopia, waimbaji wa kanisa wamecheza kwa karne nyingi, wakishika fimbo za sala na kupiga ngoma polepole. Basi anayesema kwamba mkristu hachezi mbele ya Mungu hajatembea kanisani kote.

Kwetu Congo mlango ulianza kufunguka polepole. Mwaka 1958, huko Kamina, Padri Guido Haazen na waimbaji wake waliimba Missa Luba kwa sauti na ngoma za kienyeji. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulitoa hati juu ya Liturujia, ukaruhusu mila njema za mataifa ziingie katika ibada.

Lakini katika miaka ya 1970 ngoma ilipatwa na jaribu lingine. Chama cha MPR kiliifanya kuwa kazi ya lazima. Wafanyakazi na wanafunzi walipangwa kwa mistari ili wamchezee na kumsifu mtu mmoja, na waliuita mchezo huo animasio. Wazee waliouona wanajua tofauti: miguu ilicheza na moyo ulikaa. Ngoma isiyotoka moyoni ni mzigo kama mzigo mwingine.

IV. Ngoma mbele ya altare

Wakati ule ule maaskofu wetu, na Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa akiwa mmoja wa wa mbele, walikuwa wakitafuta namna ya kuadhimisha Misa ambayo Mwafrika angejiona ndani yake. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi. Tarehe 30 Aprili 1988 Roma ilikubali Misale ya Kiroma kwa majimbo ya Zaire. Tarehe 1 Desemba 2019 Baba Mtakatifu Fransisko aliadhimisha Misa ya namna hiyo Roma, katika kanisa la Mtakatifu Petro.

Katika Misa hiyo padri na wasaidizi wake wanacheza kuizunguka altare wakati wa Utukufu, na taifa lote linacheza mahali pake. Waamini wanaleta matoleo kwa ngoma. Lakini tuangalie vizuri utaratibu wake. Sala ya toba haiko mwanzoni: inafuata baada ya kulisikia Neno la Mungu na kuungama imani. Kisha watu wanapeana amani. Ndipo, baada ya maombi ya waamini, matoleo yanakuja na ngoma inalia. Toba kwanza, amani pili, ngoma ya matoleo baadaye. Ndivyo Bwana alivyofundisha katika Injili ya Matayo, sura ya 5: mwenye neno na ndugu yake aiache sadaka yake, aende kupatana naye kwanza.

Ndugu wapendwa, hapa ndipo maneno yetu yanapotuchoma sisi wenyewe. Mwezi wa Machi 1993 damu ilimwagika sokoni Ntoto, katika Walikale, na moto ukapanda mpaka Masisi. Tangu hapo vita vimefuata vita. Mwezi wa Januari 2025 vilifika Masisi-kati, na mwezi wa Machi vilifika Walikale-kati. Vijiji vizima vimehama. Watoto wamekua katika kambi za wakimbizi bila kuona ngoma ya babu yao hata mara moja. Na katika makanisa yetu, wanaokuja na matoleo kwa mstari mmoja ni watoto wa watu waliokimbiana. Miguu yao inafuata ngoma moja. Je, mioyo yao imepeana amani ile iliyotangulia?

V. Mambo matatu tunayoomba

Kwanza, tunaomba kila shirika litafute wazee wanaojua ngoma za kwao, na vijana wakae karibu nao, wajifunze hatua, nyimbo na maana yake. Mzee hangoji Jubile ya pili.

Pili, tunaomba korali na wasichana wanaocheza mbele ya altare wasifungwe katika ngoma ya kabila moja. Mtoto wa Mhunde ajifunze ngoma ya Mnyanga, mtoto wa Mnyanga ajifunze ile ya jirani yake anayesema Kinyarwanda, na huyu vilevile ajifunze za wenzake. Ni vigumu kumchukia mtu ambaye ulihesabu hatua pamoja naye.

Tatu, tunawaomba Mapadri wetu wasituruhusu tupite haraka mahali pa toba na amani kwa sababu ngoma ya matoleo ni tamu. Utusimamishe hapo, Padri, hata kama jua linapanda. Tukiisha kupatana, tutacheza vizuri zaidi.

 Mungu aliyemwona Daudi akicheza atuone na sisi siku hii ya Jubile, na aifanye ngoma yetu iwe neno la kweli mbele yake. Amina.